Saa ya Daftari

Jumatatu, 2 Juni

Muyinga. Niko na rejista ya mapokezi ya hospitali tangu asubuhi. Ijumaa wanakuja wakaguzi kutoka Gitega, kuangalia mgonjwa wa kiharusi anaonwa na daktari baada ya dakika ngapi. Sisi tunasifiwa kila mara. Siri yenyewe ndogo: saa ya kufika tunaiandika mgonjwa akishaleta ikaye, lile daftari la matibabu analojinunulia. Kabla ya hapo hajafika, hata akiwa amelala kwenye benchi. Mwaka wa nne sasa naandika hivyo. Mwandiko wangu mzuri, wote wanasema.

Jumanne, 3 Juni

Naandika usiku.

Saa mbili asubuhi mwanamume alisimama dirishani. Ameleta mama mmoja kaanguka, mdomo umekwenda upande. Sikuinua kichwa. "Ikaye kwanza, baba." Hakubisha. Kibanda cha getini kilikuwa kimeishiwa madaftari, akaenda mpaka sokoni. Akarudi saa tatu na nusu, jina la mgonjwa keshaliandika ndani. Nikafungua daftari nisome jina.

Jina la mama yangu.

Yule mwanamume ni jirani yake mpya kule Butihinda, hanijui. Na Mama alikuwa hapo benchi, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Daktari alimwona baada ya dakika kumi. Nikaandika: kumi. Mazoea tu.

Jumatano, 4 Juni

Gitega. Tulifika jana mchana kwa ambulansi, picha ya kichwa inapigwa huku. Daktari wa hapa aliuliza, "Kwenu alifika saa ngapi, vraiment, kweli kabisa?" Karatasi yangu ya rufaa inasema tatu na nusu. Nikasema mbili. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

Muda wa ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ulikuwa umepita. Mkono wa kulia wa Mama hauinuki. Hasemi. Najichukia.

Alhamisi, 5 Juni

Mkuu wa zamu kapiga simu. "Pole sana kwa mama. Lakini we usiguse registre, kesho iko wakaguzi. Na ni mwandiko yako, si ya mtu mwingine."

Kweli, ni wangu. Nikisema nimejishtaki. Nikinyamaza, Mama alingoja dakika kumi. Sina pa kutokea. Nimekaa chooni muda mrefu nikilia, mtu anagonga mlango.

Ijumaa, 6 Juni

Dada kabaki na Mama. Nimerudi Muyinga. Wakaguzi walikuwa mezani tayari, wanasifu. Nikaomba rejista. Nikakata tatu na nusu, nikaandika mbili, nikatia sahihi. Nikawaeleza habari ya ikaye. Mkuu alitoka nje.

Hawajanifukuza. Wamesema nisubiri barua.

Jumapili, 8 Juni

Gitega. Mama kameza vijiko vitatu vya uji. Kanishika mkono wa gauni kwa mkono wa kushoto, hakuachia mpaka akalala.

Jana nilipiga picha kurasa zote za rejista kabla ya kuondoka Muyinga. Nilitaka kuwasahihishia saa na wagonjwa wengine. Nimepitia majina yote leo, moja moja. Sijui walifika saa ngapi.