Sikio la Kulia la Baba Minza

Jumatatu, 3 Agosti 1998

Nimekamua. Nimefagia. Nimemnywesha yule mwana-mbuzi aliyefiwa na mama yake, kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mtoto. Halafu nimerudi kwenye vidude vya masikioni vya kiredio chetu cha kanda.

Vimeanguka tena. Sikio la mume wangu ni pana kama mlango wa zizi, na vidude hivi vilitengenezwa kwa watu wenye masikio ya panya. Akitulia vinashika. Akipumua tu, vinateleza.

Sauti yote inavuja nje. Yeye hasikii. Mimi niliye pembeni nasikia kitu chembamba kama mbu. Ni Minza wetu anayeongea. Maneno siyapati.

Jumanne, 4 Agosti

Naandika maana kichwa kimejaa. Shule sikuiona. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na Minza mgongoni.

Minza amefia machimboni Geita, alikokuwa akiwapikia wachimbaji. Tulipata habari ameshazikwa. Mwenzake wa jikoni ndiye aliyetuletea kanga zake na kanda moja. Akasema, marehemu aliirekodi wakati wa zile mvua kubwa, njia zimekatika, akakosa wa kumtuma. Akasema pia: ni ya baba, asikilize baba mwenyewe.

Imeniuma. Nimemzaa mimi. Nimemnyonyesha mimi. Kanda kampelekea baba yake. Nina wivu na maiti ya mwanangu. Basi, nimeandika.

Baba Minza sikio la kushoto lilishakufa. Daktari amesema la kulia nalo linakwenda, pengine mwezi huu huu. Tulijaribu redio kubwa ya jirani, ikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Yeye akasikia mngurumo tu, akaizima kabla watu hawajajaa uani. Nikamwambia, acha mimi niisikilize kanda, halafu nikupigie kelele sikioni. Amekataa. "Maneno ya mwanangu sitaki yapite kinywani mwa mtu."

Mimi mtu! Miaka arobaini namfulia, leo ni mtu.

Ndipo tukanunua hiki kiredio kidogo cha kanda mnadani Bariadi, tulipouza pamba. Siku hizi malori ya makampuni yanagombania pamba yetu, na mnadani kila kitu kimejaa. Isipokuwa kidude cha kumtosha mume wangu.

Jumatano, 5 Agosti

Pamba. Nimejiita mjinga kwa kutoiwaza mapema, nyumba nzima ni pamba. Nimechambua mbegu, nimezungushia kidude, nimefunga na uzi.

Kimeshika vizuri. Hakianguki hata akitikisa kichwa. Lakini pamba imekula sauti. Baba Minza amesikiliza muda mrefu, akasema, "Nasikia pamba."

Nimecheka. Naye amecheka. Tangu msiba hatukuwa tumecheka. Halafu nikaona vibaya.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeharibu.

Nilichukua nta ya nyuki, ile ninayozibia nyufa za vibuyu vya maziwa. Nikaiyeyusha, nikakipaka kidude kile cha mkono wa kulia, nikakiweka juani kilainike nikibonyeze kifuate sikio. Kumbe kibuyu ni kibuyu. Hiki kina vitundu mbele, na sauti inatokea humo. Nta imeingia yote. Nimechokoa kwa mwiba, nikatoboa na kile kingozi chake cha ndani kinachotoa sauti. Kimekufa.

Kimebaki kimoja. Na sikio ni moja.

Baba Minza hakunigomba. Afadhali angenigomba.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimekwenda kwa fundi redio, Nkololo, kwa miguu. Amekigeuza kile kilichokufa, akakirudisha mezani.

"Bibi, hivi ni vya vijana wa disko. Mzee wako anataka kucheza?"

"Anataka kumsikia mwanae marehemu," nikasema. "Wewe endelea kucheka, meno yako yapigwe na upepo."

Ameona aibu. Amenipa kipande cha mpira wa valvu ya baiskeli, akakataa hela. "Mayu, mama yangu, nisamehe. Mwambie mzee asikisukume sana, kitaumiza."

Mtoto mzuri. Mdomo tu.

Jumatatu, 10 Agosti

Mpira wa valvu ni mgumu. Ameusukuma sana, ingawa alikatazwa. Damu kidogo. Nimemsafisha kwa maji ya uvuguvugu, nikamtukana huku nimemshikilia kichwa kifuani.

Leo nimemwita kula mara tatu. Mara ya nne nimemgusa bega. Na alikuwa kanielekezea sikio la kulia.

Naogopa.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimepata.

Asubuhi namnywesha mwana-mbuzi, naiangalia ile chuchu. Laini. Pana nyuma, nyembamba mbele, inajaza mdomo na tone halidondoki. Nikaichomoa mdomoni mwa mbuzi, akanililia. Nikaikata nyuma kwa wembe, nikaongeza tundu la mbele, nikaivuta juu ya kidude mpaka ikakibana. Nikailamba iteleze. Nikamwingizia taratibu, nikizungusha.

Nikawasha. Nikatega sikio langu pembeni. Kimya. Hata yule mbu hayupo. Sauti yote imeingia kwake.

Amenishika mkono. Amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikijibu salamu.

Kanda ilipoisha aliirudisha mwanzo mwenyewe. Mara nne. Machozi yakamfika kidevuni na hakuyafuta. Mimi nikakaa hapo hapo kama mgeni. Nilikuwa nimeziba vizuri mno.

Mbuzi nimemnywesha kwa kidole.

Ijumaa, 14 Agosti

Hasemi kanda imemwambia nini. Nimeuliza kwa mdomo, nimeuliza kwa mikono. Anaangalia zizi. Nimemwambia, mzee, una roho ya jiwe. Hakusikia. Au amesikia.

Jumapili, 16 Agosti

Amenijia jikoni. Amepiga magoti, mzee mzima, akaniwekea kidude sikioni. Sikio langu ni dogo, kikawa kinatoka. Akakibana kwa dole gumba lake.

Minza wangu. Anakohoa, anapumzika, anaongea. Amemsalimia baba yake kwa Kisukuma, salamu yote, hakuruka kitu. Halafu:

"Baba, naumwa sana. Mama usimwambie. Namjua, atatoka hivyo hivyo na mvua hii, atakuja kwa miguu, maji yatamchukua. Nikipona nitamwambia mwenyewe. Wewe mwambie sijambo."

Ndiyo maana mzee alinyamaza. Aliombwa na mtoto.

Ningekwenda. Kweli ningekwenda. Alinijua vizuri.

Nimelia mpaka moto ukazimika. Dole gumba lake halikutoka sikioni mwangu.

Jumapili, 30 Agosti

Baba Minza hasikii tena. Mlio wa ng'ombe hausikii, radi hataisikia. Asubuhi nimemwamkia mwangaluka, nikamshika mkono. Ameona midomo, ameitikia.

Lori limechukua pamba ya mwisho. Uani kumekuwa kupana.

Mchana tumekaa kivulini mwa nyumba tukichambua choroko. Anachambua vibaya, anaacha mawe. Nimekuwa nikiyatoa kwenye ungo wake, moja moja.