Wateja Wetu Nimewaona Ng'ambo

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye hotpoti. Maji yakitoka, jaza ndoo. ~~Leo baa usiifungue.~~ Fungua tu.

Asubuhi nilivuka mpaka kununua sukari, nikaona wateja wetu walikopotelea. Mume wangu, duka kama lile sijapata kuona. Makreti ya bia yamepangwa mpaka darini, bei nusu ya yetu, na mtaa wetu mzima uko kwenye foleni, kimya kama watu walio ibadani. Hasira ziliniisha, nikabaki mdomo wazi.

Mbele kabisa, kreti begani, alikuwa baba yako, yeye ambaye jana aliwaita wateja wetu wasaliti na ambaye hapa kwetu hata kiti hudai hawezi kuinua. Akaniapisha nisikutamkie neno.

Sijatamka.

Mama Watoto