Tangawizi ya Naomi

Jumamosi, 8 Mei 1993

Saa kumi kama kawaida, uani kwangu. Joyce kaleta barafu na makopo sita ya bia ya nje. Siku hizi dukani kwake zimejaa mpaka anazipanga juu ya debe la mafuta ya taa. Tabu kaja akinuka sabuni ya hospitali, anakofua mashuka. Mimi nimechanganya. Gongo kidogo, asali, maji ya ukwaju, ndimu, barafu. Nimeuita Mkwe Usije. Wamesifu. Wa wiki jana ulikuwa mbovu na waliusifu vilevile.

Naomi naye kaja. Mwezi wa kumi na mbili huu hajagusa pombe. Anakaa na kikombe cha tangawizi ninayomchemshia mimi mwenyewe na kutuangalia. Kaingia na matusi yake: "Bado hujafa tu, kichwa cha mbuzi?" Nikamwambia nasubiri atangulie, yeye ndiye mkubwa. Kanizidi miezi miwili. Ni mtoto wa mjomba wangu, na binamu ni watani. Kwetu mtani akitaniwa hakasiriki. Akikasirika anatozwa kuku.

Nimesimulia habari ya bwana aliyechanika suruali mnadani. Naomi kasema, "Hiyo ni mara ya tatu tangu tukae." Wakacheka wote. Mnywaji hapendi kuhesabiwa. Nimechukia, na nikacheka kuliko wao.

Jumatano, 12 Mei

Hakuna kazi. Wiki ya tatu cherehani imefunikwa. Nani aje kushonesha Kiomboi hii, na mitumba inamwagwa chini kila mnada?

Mchana Naomi kaja na kitambaa cha maua. Gauni la Upendo, binti yake. Ana miaka saba. Mume wa Naomi alipofariki, Naomi alikunywa mpaka siku moja akalala shambani hadi kumekucha, mtoto amekaa pembeni yake analia. Baba mkwe wake, Mzee Yona, akaja kutoka Ilongero akamchukua mjukuu. Akasema mwaka mzima bila tone, mtoto atarudi. Mwaka unatimia Jumapili ya tarehe 23. Mzee Yona ni mzee wa kanisa. Akisema amesema.

Nikauliza vipimo. Naomi akapima hewani kwa viganja. Hapa begani, hapa kiunoni, hapa gotini. Anampima mtoto wa mwaka jana. Nimeona kabisa. Nimekata kama alivyosema.

Jumamosi, 15 Mei

Habari ni moja tu, Upendo. Atalala wapi, atakula nini, atasoma shule ipi. Bia zimepata moto tunasikiliza habari za godoro.

Halafu Naomi akasema mtoto akija yeye hatakuja tena Jumamosi. "Asije akayaona haya." Haya ni sisi. Ni mimi. Mwaka mzima nimemchemshia tangawizi, nimemkamulia ndimu, leo mimi ni haya.

Mimi sina mtoto. Naandika mara moja tu, basi.

Alipoondoka Joyce kasema, mtilie kidogo siku moja tumwone Naomi wa zamani. Naomi wa zamani alikuwa anacheza na ndoo kichwani na tone halimwagiki. Hakuna aliyekuwa anachekesha kama yeye. Tabu kasema mwacheni mwenzenu. Tabu mwenyewe alikuwa kopo la nne.

Alhamisi, 20 Mei

Gauni limekwisha. Zuri, dogo.

Nimejaribu. Tangawizi kali, asali, ndimu mbili, gongo vidole viwili. Nimeonja. Kinachochoma ni tangawizi, pombe huisikii kabisa. Hakuna Kiomboi nzima anayeweza kuchanganya hivi. Nimefurahi peke yangu jikoni kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mzee Yona anakuja Jumapili baada ya ibada. Jumamosi jioni hadi Jumapili mchana, itakuwa imeshatoka. Atalala, ataamka. Baadaye nitamwambia na tutacheka mpaka uzeeni. Yeye mwenyewe alishanitilia pilipili kwenye uji wa arusi yangu, na sikusema kitu.

Jumamosi, 22 Mei

Naandika kabla sijalala.

Naomi kaja saa kumi kutoka kupiga alizeti, vumbi mpaka kwenye kope, ana kiu. Kikombe cha kwanza alikimeza chote. Akasema, "Leo umeitia tangawizi kweli, mchawi wewe." Nikamjazia. Joyce anajiuma mdomo asicheke. Tabu anatazama chini. Cha pili. Cha tatu akakiomba mwenyewe.

Akaanza kucheka. Kicheko kile cha zamani. Akasimama, akachukua ndoo, akaiweka kichwani. Tulipiga makofi. Nitasema kweli, kwa dakika zile nilimpenda mno.

Ndipo Mzee Yona akaingia uani. Alipata lori la kuja kubeba alizeti, akaona aje leo badala ya kesho. Hakumkuta nyumbani, majirani wakamwonyesha kwangu. Amevaa koti, amemshika Upendo mkono. Mtoto kalizidi gauni langu shubiri nzima.

Naomi alimwona mwanawe akamkimbilia. Ndoo ikaanguka. Naye akaanguka juu ya benchi, akainuka anacheka, akaanguka tena. Upendo akajificha nyuma ya koti la babu. Mzee akaokota kikombe, akanusa. Akamtazama Naomi. Hakupaza sauti. Alisema, "Siku moja ilibaki, mwanangu. Siku moja." Akageuka na mtoto.

Neno moja langu lilitosha. Nimemtilia mimi. Lilikuwa mdomoni. Joyce akapasuka kicheko, na mimi nikacheka.

Jumapili, 23 Mei

Sikwenda kanisani. Tabu kapita kunieleza. Mzee Yona na mtoto walilala kwa mchungaji. Baada ya ibada walipanda lori lilelile. Naomi alisimama barabarani na gauni kwenye mfuko wa plastiki. Mzee hakulipokea. Akamwambia, kwa upole, kwamba hana hasira naye, lakini macho yake yameona.

Tabu hakuketi. Hata maji hakunywa.

Jumatatu, 24 Mei

Naomi kaja asubuhi. Hakunitukana. Nilijua mambo yameharibika kwa sababu hakunitukana.

"Ulitia nini?"

Nikasema, utani.

Akanipiga kofi. Moja tu, la mkono mzima. Joyce alikuwa ameleta zipu, akaona. Akapiga kelele, mtani kakasirika! Watu wa kisimani wakageuka. Mpaka mchana mji mzima unajua Naomi kampiga binamu yake kwa ajili ya utani, na wanacheka. Shavu langu limevimba. Nimeona afadhali. Sasa mwenye kosa ni yeye.

Jumatano, 26 Mei

Kikao kwa mjomba, baba yake Naomi. Wazee wanne. Naomi akasimulia yote bila kuongeza. Tangawizi, gongo, kikombe cha tatu, mtoto nyuma ya koti. Sauti yake haikupanda.

Mjomba akaniuliza ni kweli? Nikasema kweli. Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akajifuta machozi, akasema enzi zao walimtilia mtani mkojo wa ng'ombe kwenye togwa na akatapika mbele ya wakwe. Wakacheka wote. Mjomba alicheka kidogo tu, lakini alicheka. Akasema utani hauna mahakama. Habari za mkwe ni za mkwe, mila yetu haimhusu. Aliyevunja mila ni aliyepiga.

Faini, kuku mmoja. Alipe Naomi.

Alikwenda bandani mwenyewe akamkamata. Akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika. Mila inataka watani wale pamoja ili yaishe. Akanipa paja. Nikala. Lilikuwa na chumvi ya kutosha, tamu. Yeye alikula shingo, taratibu, mpaka ikaisha. Akanawa mikono.

Nimerudi nyumbani nimetapika nyuma ya choo. Siyo ulevi. Leo sijanywa.

Jumamosi, 29 Mei

Kaja Joyce peke yake. Barafu, makopo sita. Anaisimulia hadithi ya ndoo kana kwamba sikuwapo. Anamwigiza Upendo anavyojificha. Anaigiza vizuri. Nimemwambia anyamaze, akasema, "Kumbe na wewe unataka kutozwa kuku?"

Siwezi kumlaumu. Yeye alisema tu. Mimi ndiye niliyepima kwa vidole.

Naamua. Jumanne nakwenda Ilongero. Nitamwambia mzee kwa mdomo wangu.

Jumanne, 1 Juni

Basi la alfajiri mpaka Singida, halafu pikapu iliyobeba magunia. Nimefika saa saba, vumbi hadi kwenye meno. Nimepokelewa vizuri. Nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia. Nikaletewa maziwa na kiti.

Nikasema yote. Kwamba Naomi hakujua. Kwamba mwaka wake ulitimia bila tone aliloliomba. Kwamba shetani ni mimi. Nililia. Sikuigiza, machozi yalikuja yenyewe.

Mzee Yona alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wewe ni nani kwake?"

"Binamu yake, baba."

Mkewe aliyekuwa anapepeta mtama akaguna. "Mtani huyo."

Mzee akatikisa kichwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema nao wana watani wao, anawajua. Mtani anakuibia mbuzi na mtani huyohuyo anaapa kwa mama yake kwamba mbuzi alikufa. Mtani analala kaburini akidai apewe kitu ndipo maiti izikwe, na analia machozi kabisa. Akasema, "Mwanangu, umefanya vema kumtetea ndugu yako. Watani huteteana hivyo. Lakini mtani hana ushahidi."

Nikaapa. Akatabasamu. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyofanana na mtani.

Upendo alikuwa mlangoni anatafuna muwa. Nikamwita, akaingia ndani. Wiki ijayo anapelekwa Tabora kwa shangazi yake, akasome huko. Imeshaandikwa barua.

Walinipa kuku hai wa kurudi naye, zawadi ya mgeni. Nilimpa kondakta.

Jumatano, 2 Juni

Nilikwenda kwa Naomi kumweleza safari. Alikuwa anapaka nyumba udongo. Nilieleza nimesimama. Nilipofika kwenye Tabora mkono wake ulisimama ukutani, kisha ukaendelea. Alimaliza ukuta wote. Akaingia ndani akafunga mlango, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Jumamosi, 5 Juni

Saa kumi. Joyce kaja, nikamwambia naumwa. Akaacha barafu. Imeyeyuka kwenye beseni nikiitazama. Gongo nimemwaga, nusu. Nusu nimekunywa.

Mji mzima unasubiri Naomi aanze tena kunywa. Joyce anasubiri. Mimi nilikuwa nasubiri kuliko wote, naandika ukweli. Akinywa, nitakuwa nimemharibia kitu ambacho kingeharibika tu.

Hajanywa. Tabu anasema jioni anakwenda kukaa naye, wanachambua kunde.

Jumapili, 20 Juni

Upepo wa baridi tangu asubuhi. Nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma.

Tulikutana na Naomi mlangoni wakati wa kutoka. Hakukuwa na pa kupita. Nilitengeneza tusi kichwani haraka haraka, lolote, la mbuzi, la uchawi, nimpe na yeye anirudishie. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka.

Akatangulia yeye. Akainamisha kichwa kidogo, kama tunavyofanya kwa wakubwa wasio watani.

"Shikamoo, mama."

Watu walikuwa wanatusikia. Nikaitikia marahaba.

Akapita, akaenda zake. Nimepika, nimekula, nimefua shuka moja. Jioni nimekaa uani.