Shahidi wa Mikorosho ya Mzee Omary

Misugusugu, Kibaha
12 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeanza kukupa nafuu. Mimi mwili hauna tatizo. Nakula, nalala, nafundisha.

Muhula huu kidato cha pili nawafundisha historia na uraia kwa kutumia kesi maarufu. Tulianza na ile ya mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliposhitakiwa na serikali ya kikoloni kwa maandishi ya gazetini. Wanafunzi waligeuza darasa kuwa mahakama, wakagawana nafasi za hakimu, mawakili na mashahidi. Wazo lilikuwa langu, na walilipenda.

Wema, binti aliyeigiza shahidi, alipomaliza kuapa alinigeukia akauliza, "Madamu, shahidi akidanganya, hakimu atajuaje?" Darasa zima likanisubiri. Nikawaambia wafunge madaftari.

Jumamosi nilikwenda Sofu, maana nilikuwa nimesikia Limbu analinda ghala la mbao huko. Ndiye yule mfugaji aliyefungwa miaka mitatu kwa kuchoma mikorosho ya Mzee Omary hapo Kurui. Alinitambua, akanipa kiti. Nilimweleza yote. Hakufoka. Alisema ng'ombe wake waliuzwa kulipia mikorosho na hilo limeshapita. Kinachomuuma ni mkewe, Elina, ambaye mpaka leo anaamini alichoma. Akaniomba nikamwambie yeye. Nikaenda. Elina alisikiliza huku anapepeta mchele, kisha akataka kujua wakati ule nilikuwa na umri gani. Nikasema kumi na tisa. Akaendelea kupepeta.

Mama, sikumwona Limbu siku ile ya moto. Niliyemwona na kiberiti ni kaka Adamu, akichoma majani ya shamba letu, upepo ukamzidi. Wewe hukunituma kudanganya. Asubuhi ya kesi ulinifunga ushungi, ukasema tu, "Mkumbuke kaka yako." Nikamkumbuka. Nilishika msahafu nikasema ni Limbu.

Alhamisi niliandika maelezo polisi nikayatia sahihi. Wameniambia naweza kushitakiwa na mimi. Nilidhani nitalia. Nilitoka pale, nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani.

Nimetaka uyasikie kutoka kwangu kabla polisi hawajafika hapo. Wasalimie shangazi Sikudhani na majirani wote. Msalimie na kaka Adamu, umwambie nimelitaja jina lake.

Mwanao,
Kidawa