Sekunde Kumi na Moja za Riziki

Dada yangu Riziki,

Jana nililifua lile shuka. Doa la mafuta ya mawese halijatoka, lile lililokuwa likikukaa kwenye paji la uso kila tulipokuonyesha. Nikaona nikuandikie, maana mambo ya kazi nilikuwa nakueleza wewe kwanza.

Kundi letu la maigizo lilikuwa na mchezo wa mama aliyekimbilia ng'ambo, Burundi, na mwanawe aliyebaki Uvira, huku Kongo. Wewe ulikuwa mama, Safari alikuwa mwana. Mimi, fundi wa projekta, ndiye niliyetaka mama asiwepo jukwaani: tumpige filamu, tumwonyeshe kwenye shuka, na Safari asimame mbele yake na simu sikioni, waongee. Wakubwa wa kundi walisema mchezo wa shuka si mchezo. Wewe ukasema tujaribu.

Tulikupiga filamu nyuma ya nyumba yetu pale Rugenge, mbele ya turubai. Ukafika kwenye maneno yako: "Huku kambini nimenenepa, mwana yangu, mpaka mulango ya hema inanikatala." Kisha ukanyamaza. Ukaitazama kamera, mkono kiunoni. Nilidhani umesahau. Baadaye ukaongeza maneno ambayo sikuyaandika: "Cheka tu. Niko nakusikia."

"Dada, hii ni filamu," nilikwambia. "Hapa hakuna watu."

"Si batakuwako? Watu ya Uvira minye nabajua. Bacheke kwanza, njo niendelee."

"Na wasipocheka?"

"Weye kamata mashine yako. Watu uniachie minye."

Nilikipima kile kimya: sekunde kumi na moja. Nilikasirika, kwa sababu kwenye filamu huo ni kama mwaka mzima. Nilipanga kukikata, lakini umeme ulikuwa ukija na kuondoka, na siku ya kwanza tukakuonyesha hivyo hivyo. Watu walicheka sekunde zote kumi na moja, na wengine walipitiliza. Ulikuwa umesimama kando yangu. Ukanifinya sikio.

Kisha vita vikashuka tena kwenye uwanda wa Ruzizi, na risasi ikakukuta njiani ukitoka sokoni Sange. Ilikuwa ya nani, hatukuambiwa. Tulikuzika kesho yake, mvua ikinyesha. Mama hakulia. Watu walikesha nasi kwenye matanga, wakaimba, wakamsubiri, hakulia. Alifagia, alipika, alijibu salamu. Nilimwogopa.

Kundi lilipotaka kurudia mchezo, hatukutafuta mwigizaji mwingine, kwa kuwa wewe ulikuwa umeshacheza sehemu yako. Nilikwenda kumwomba Mama ruhusa ya kukuonyesha tena. Alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya kupikia sombe, na hakuuacha mchi.

"Atasema?" akauliza.

"Atasema, Mama."

"Basi niko nakuja."

Tulianza saa nane mchana, ili watu warudi kwao kabla ya giza. Madirisha ya ukumbi wa parokia tuliyaziba kwa turubai. Mama alikaa benchi la mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake, kidole juu ya kitufe, nimeshaamua: ukimaliza maneno ya hema, nakiruka kile kimya. Nani angecheka? Ukumbi mzima ulikuwa umekuzika. Niliona Mama hataweza kuvumilia uso wako mkubwa vile, umenyamaza.

Ukasema maneno ya hema. Safari akatazama chini. Kabla sijabonyeza, Mama akacheka. Alicheka peke yake, kicheko chake kile cha kupiga paja, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukuzike. Kikaendelea, kikageuka, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa analia, dada, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemgusa. Nikaondoa kidole.

Ulimsubiri.

"Cheka tu," ukamwambia. "Niko nakusikia."

Siku hizi nawafundisha wengine kazi hii. Nawaambia wakate vimya vyote visivyo na kazi, na wananitii. Chako sijakigusa. Wakati mwingine watu wanacheka hapo, wakati mwingine hawacheki, nami siangalii saa tena. Nimekukumbuka sana. Sijui namna nzuri zaidi ya kuliandika hilo.

Jumapili tunakuonyesha tena. Mama ameshauliza mara mbili ni saa ngapi.

Lala salama, dada.

Mdogo wako,
yule wa mashine