Mahali Walipolala Kweleakwelea

Kizwite,
S.L.P. 418,
Sumbawanga.
22 Juni 2025.

Mpendwa dada Angela,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji Yohanes na wanao wote huko Newala? Kifua chako kimetulia? Mara ya mwisho nilikusikia unakohoa ukajifanya unacheka, nikajua tu. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imezidi. Asubuhi navaa makoti mawili na bado vidole vinakataa kushika bisibisi. Ulezi tumeshavuna. Mama yuko salama, anasali rozari yake na kugombana na kuku.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nilijaribu kukueleza jambo hili kwenye simu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za korosho. Nimechanganyikiwa, dada. Naandika nikitumaini kwamba litanyooka kidogo.

Kwanza nikueleze hizi safari zangu za Jumamosi, maana najua mama alikuambia nimeanza kuzurura porini. Miaka miwili iliyopita alikuja kibandani kwangu mtu mmoja mrefu, mpole, na darubini ambayo lenzi yake moja ilikuwa imelegea. Mimi ni fundi saa, darubini sikuwahi kufungua, lakini skrubu ni skrubu. Nilipomaliza nikaijaribu kwa kutazama bati la duka la jirani. Alikuwa ametua chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua. Dada, miaka arobaini na mitatu nimewaona hao nikidhani ni weusi tu. Kumbe shingoni wanang'aa kijani, na kifuani wana wekundu ambao sijauona kwenye kitambaa chochote. Sikutaka kumrudishia mtu darubini yake. Akacheka, akaniambia Jumamosi wanapanda msitu wa Mbizi kutazama ndege, nikipenda niende.

Jina lake Isakwisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, afisa kilimo. Mwenzake ni Mama Rose, muuguzi mstaafu, naye mtu wa Mbeya aliyezoea Sumbawanga akakataa kurudi kwao. Tangu siku hiyo tukawa watatu. Tunapanda kukiwa na ukungu, na chai ya chupa na viazi vya kuchemsha. Mama Rose hataki maneno njiani, ukiongea anakugusa mguu kwa fimbo. Isakwisa anasikia sauti moja tu kwenye majani anakuambia ni ndege gani, kisha anamwandika daftarini. Mimi kazi yangu ni macho, namtafuta alipotua. Mguu wa mama ulipopata kidonda mwaka jana, Mama Rose alikuja kuusafisha kila siku kwa mwezi mzima, na Isakwisa ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikipiki yake. Nakuambia haya ili ujue si watu wa kupita tu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tano mama mdogo Monika alinipigia kutoka Mtowisa. Kweleakwelea walikuwa wameingia kwenye mpunga. Unajua yuko peke yake tangu baba mdogo afariki, na shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka. Alikuwa akipiga debe kuwafukuza tangu alfajiri hadi mikono ikavimba. Aliongea Kifipa kitupu, kama anavyofanya akiwa na hofu, kisha akamalizia kwa Kiswahili, polepole, ili niumie vizuri: "Flavian, wewe unayetembea kuwatazama, njoo uwatazame hapa."

Nikateremka kesho yake. Joto la kule bondeni unalikumbuka. Nilipofika nilidhani kuna moto, maana niliona kama moshi unainuka, unageuka, unashuka tena juu ya mashamba. Ni ndege, dada. Wadogo kama shomoro, midomo myekundu, maelfu kwa maelfu. Wakitua, mpunga unainama wote kwa pamoja.

Jioni nikawafuata kwa miguu kujua wanakwenda wapi. Baada ya kama saa nzima nikafika kwenye kinamasi chenye matete marefu, na hapo ndipo walipokuwa wakiingia kulala. Kundi baada ya kundi, wakishuka kama maji yanayomwagwa, na sauti yao nikaihisi hadi kifuani. Nikuambie ukweli ambao sikumwambia mama mdogo: nilifurahi. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikatoa simu nikampigia Isakwisa, nikamweleza mahali penyewe.

Akaniuliza kama nina uhakika ndipo wanapolala au wanapumzika tu. Nikasema nina uhakika. Akaniambia nisiondoke Mtowisa, atakuja.

Nilidhani atakuja kuwatazama. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Miaka miwili alikuwa ameniambia habari za viwavi wa mahindi na mbolea, hakuwahi kusema kwamba wakivamia ndege, yeye ndiye anayeitwa. Siku ya tatu alifika na watu wawili, na jioni, jua likizama, ikaja ndege ya kunyunyiza dawa. Ikapita juu ya matete mara nne ikaondoka.

Asubuhi tulikwenda. Sitaki kukueleza yote. Kweleakwelea walikuwa wamelala chini kiasi kwamba hukujua uweke mguu wapi. Lakini hawakuwa peke yao. Walikuwepo mwewe waliokuja alfajiri kula mizoga, na bundi wawili, na kipungu, yule tai wa mkia mfupi na uso mwekundu ambaye sisi watatu tulikuwa tukimtafuta tangu mwaka juzi. Yeye alikuwa bado anapumua. Nilikaa naye hadi akaacha. Isakwisa akaja, amevaa glavu ndefu, akamtazama, akasema, "Hawa hawakula mpunga." Kisha akaendelea kuchimba shimo la kufukia mizoga.

Alichimba siku nzima na wale watu wake. Kina mama walikuwa wamefika na ndoo kuokota kitoweo, na mama mdogo Monika akiwa miongoni mwao, maana nani anaacha nyama iliyoanguka mbele yake? Isakwisa aliwazuia, aliwaeleza habari ya sumu mmoja mmoja, hadi sauti ikakauka na akawa anawaonyesha kwa mikono tu.

Mama mdogo amevuna, dada. Ghala limejaa. Amenipa gunia zima la mchele mpya, unanukia nyumba nzima, na watoto wangu wanaushangilia. Nami naula. Wakati mwingine nikiwa na njaa naula bila kukumbuka chochote, halafu nakumbuka.

Niliporudi, habari zilikuwa zimeshamfikia Mama Rose kupitia watu wa sokoni. Jumamosi tulikutana kama kawaida, Isakwisa hakuja. Mama Rose akaniambia hataki kumwona tena, kwamba miaka miwili ametembea na mtu anayeua kile anachokiandika daftarini. Aliuliza ni nani aliyemwonyesha mahali wanapolala, maana mahali kama pale mgeni hapajui. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikammiminia chai.

Jumamosi tatu nilitembea naye nikiwa nimenyamaza. Hebu fikiria. Ananionyesha ndege, nami naitikia, na moyoni nasema leo nitamwambia, na tunashuka sijamwambia.

Nikaenda kwa Isakwisa nyumbani kwake kumuuliza kwa nini hakunitaja kwa watu. Alikuwa anafua. Akasema angenitaja vipi, simu ilikuja kwake kwa sababu ni kazi yake, na angepigiwa na mtu mwingine angekwenda vilevile. Nikamuuliza, sasa kama kazi ni hiyo, Jumamosi alikuwa anafuata nini Mbizi? Akakamua shati kwanza, akalianika.

"Nilianza kuwasoma ndege ili nisikosee wa kuua," akasema. "Hao wengine wakaniingia tu."

Nilimsaidia kuanika shuka nikaondoka.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne nilimwambia Mama Rose. Tulikuwa pembeni ya msitu, hata hatujaanza kupanda. Nilisema yote, ya mpunga, ya matete, hata ya kutabasamu. Alikaa juu ya jiwe. Akaniuliza kama mama yangu mdogo ana chakula sasa. Nikasema anacho. Akainuka akasema twende. Kutwa nzima hakunisemesha, wala hakunifukuza. Tulipoachana aliniambia, "Msalimie mama, aendelee kuuinua ule mguu." Nilirudi nyumbani sijui kama nimesamehewa au nimehukumiwa.

Siku chache baadaye Isakwisa alipita kibandani. Mama Rose alikuwa amekwenda kwake. Walisemezana nini, hataki kuniambia, na nimeamua kutouliza.

Jana tulipanda watatu. Hakuna aliyeongea, na safari hii haikuwa kwa sababu ya fimbo. Tulipokaa kula viazi, Isakwisa akasema ameitwa tena, kijiji kingine kule bondeni, wiki mbili zijazo, wamevamia mtama. Alisema huku akitazama chini. Mimi nilimtazama Mama Rose nikitegemea ainuke aondoke.

"Nitakuja," akasema. "Kabla hamjanyunyiza nataka nijue ni nani wengine wanaolala hapo. Na asubuhi mizoga ifukiwe kabla tai hawajaamka." Kisha akanigeukia. "Na wewe utakuja, Flavian. Una macho."

Isakwisa akavua kofia akajifuta uso. Mimi nilidhani jasho, lakini kulikuwa na baridi kali.

Nimemjibu nitakwenda. Nilijibu haraka, kama mtu aliyealikwa harusini. Usiku sikupata jibu la kwa nini. Nikienda nitaokoa mwewe wawili watatu, na nitakuwa nimeshiriki kwa mikono yangu. Nisipokwenda, ndege ya dawa itakuja vilevile, na kuna mama wa mtu kule anapiga debe hivi sasa. Nikiwafikiria kweleakwelea wakishuka kwenye yale matete bado nafurahi, na furaha hiyo naiogopa. Wewe unaonaje, dada? Usinipe pole. Niambie tu unavyoona.

Nisalimie shemeji Yohanes, na Baltazari aliyeingia sekondari, mwambie mjomba ana saa yake tayari. Mama anakusalimu sana, mke wangu Luciana naye, na mama mdogo Monika anasema ukija usipite bila kufika Mtowisa.

Mungu akupe pumzi nzuri usiku na mchana, na awaweke wote walio chini ya bati lako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Flavian