Miti ya Mama Dorika

Bunia, siku ya ine

Wamemufukuza! Mama Dorika wa Nyankunde, mwenye alikubali wa kwanza, mbele ya wote, kupanda miti ya mradi wetu wa kilimo kandokando ya muto. Na wamemufukuza juu ya miti ile ile.

Shamba alikuwa anakodi. Leo nilienda kuona miti, nikakuta mwenye shamba peke yake, anacheka.

"Karibu, agronomu! Mutu akipanda mahindi, atavuna, ataenda. Akipanda muti, anataka kubakia, kesho atasema shamba ni yake. Nikamuambia atoke."

"Na miti utaing'oa?"

"Juu ya nini? Sasa iko yangu."

Ni miye nilimusukuma: mama, panda, udongo hautaenda na maji. Udongo haukuenda, kweli. Yeye ndiye...

Na kesho nitaambia wakulima wengine nini? Karibu wote wanakodi.

Mama Dorika nilimukuta kwa dada yake, anachambua maharagi. Nilingoja anitukane. Alinipatia kiti, akauliza: "Ile miti ya karibu na maji, ilishika?"

Nikasema ilishika yote.

Akafurahi. Mungu wangu, alifurahi!